Upande wa Ndani wa Tairi

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu je, magoti yamempa nafuu? Mimi nipo, ila pumzi imekuwa fupi. Naandika mistari mitatu, napumzika, naandika mingine. Usiucheke mwandiko.

Nina jambo ambalo sitaki kuondoka nalo. Hukusinzia. Siku ile Mama alipofia garini mwangu, wewe ukiwa unaendesha, hukusinzia.

Miezi minne kabla ya ajali nililigonga gari kwenye ukingo wa mtaro wa zege, gurudumu la mbele kushoto. Mkono wa chuma unaolishika gurudumu kwa chini ulipinda. Dawa yake ni moja tu, kuubadilisha. Lakini ningelipelekaje karakana ya chuo nilikofundisha umakanika? Walimu wenzangu, wanaume watupu, walikuwa wakiingoja kwa hamu siku ya Mwalimu Magurudumu, kama walivyoniita, kukosea. Nikajifungia uani na uzi na futi, nikayarekebisha magurudumu yatazame mbele. Gari likaenda sawa. Zilibaki pembe mbili za ukaaji wa gurudumu, zimeharibika, ambazo mtu hazioni kwa macho. Nikaziacha. Nikaliendesha hivyo hadi asubuhi niliyokupa funguo umpeleke Mama kliniki.

Wewe uliwaambia askari, "Nilikata kona, usukani haukurudi." Mimi, mtaalamu, nikasema mbele ya watu wote, "Usukani hurudi wenyewe. Dereva alisinzia." Wakaniamini. Na wewe ukaniamini.

Nijibu upesi, tafadhali. Nataka kujua umelitua hilo begani ningali nasikia.

Dada yako

17 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Natumaini mu wazima nyote. Wiki mbili zimepita na sijapata jibu. Kila mlango ukigongwa nauliza kama ni barua, na kila mara ni muuza mkaa, hadi ameanza kuingia akiomba radhi kuwa ni yeye.

Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika. Ukimya wako siwezi kuusoma, nami sina siku nyingi za kuubahatisha.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na magoti yake siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio.

Barua yako niliisoma nikaifunga, kwa sababu nakujua. Nilipovunja dirisha la jirani ulisema ni wewe, ukachapwa wewe. Sasa unaumwa na unataka kuchapwa tena kwa ajili yangu. Acha, dada. Mimi si mtoto.

Nilikuwa nimetoka na lori safari ya siku mbili. Macho yalikuwa mazito. Kuhusu usukani nilisema kwa sababu ya woga, dereva yeyote angesema hivyo. Ndiyo maana niliacha udereva nikajifunza cherehani. Gurudumu lile la kushoto bado ninalo, limelala hapa chumba cha kushonea, na wateja hulikalia wakingoja kupimwa. Wao wanadhani ni kiti. Mimi kila asubuhi naliangalia kabla sijashika mkasi.

Pumzika. Kunywa dawa. Usinitafutie udhuru.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Jana sikuweza kukaa, leo nimeweza, basi nisikilize haraka.

Sikutafutii udhuru. Nakufundisha somo nililowafundisha mamia, nikamficha ndugu yangu.

Simama utanue miguu. Uzito wako unakwenda wapi? Kwenye ukingo wa ndani wa nyayo. Gurudumu likilala, juu yake likaingia ndani, hukanyaga hivyo hivyo, na tairi huliwa ndani peke yake. Mtu aliyesimama nje anaona tairi zima. Hiyo ni pembe ya kwanza.

Ya pili, itazame baiskeli. Uma wake wa mbele haukusimama wima, juu yake umeegemea nyuma kidogo. Ndiyo maana ukiachia mikono, gurudumu hujinyoosha. Gari nalo lina mwegamo huo. Mkono uliopinda uliurudisha mguu wa gurudumu nyuma, mwegamo ukapotea upande wa kushoto. Gari la hivyo huvuta kushoto, na ukikata kona usukani unakuwa mvivu kurudi. Kona ile ilikuwa ya kushoto na barabara ilikuwa imelowa. Ulisema kweli.

Usingizi ni kosa la dakika moja. Hauwezi kula tairi ukingo mmoja kwa miezi minne. Gurudumu lako limelala uso wa nje ukiwa juu, nimeliona. Ligeuze. Chukua utepe wako, pima kina cha mifereji nje, katikati na ndani. Kama nadanganya, vipimo vitakaribiana.

Nijibu kwa namba. Usinijibu kwa upendo.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Leo sikuamkii.

Siku tano nililizunguka gurudumu lile bila kuligusa. Mteja mmoja aliniuliza kama nimepotezea sindano chini yake. Mwishowe wifi yako akasema, "Baba, sogea," akaligeuza yeye, na magoti yake hayo.

Nje, milimita sita. Katikati, nne. Ndani hakuna kitu. Pamekuwa kipara kama goti la suruali kuukuu, nyuzi zimetokeza. Nimepima sehemu nne nikizunguka. Ni hivyo hivyo kote.

Miaka kumi na tisa, dada! Kwenye mazishi ya Mama nilisimama nyuma kabisa ya watu, mimi mwanawe wa kiume wa pekee. Mwanangu alipooa nilikwenda kwa miguu, nikawaacha na gari lao. Na wewe ulikuwa unakuja hapa, unalikalia gurudumu hilo, unakunywa chai, unaniambia nimekonda.

Usiniulize kama nimekusamehe. Sijui. Ninachojua ni kwamba leo asubuhi nimemwambia mwanangu, "Sikusinzia." Akaacha kula. Nikarudia, maana nilitaka na mimi nisikie.

Nakuja Jumamosi ijayo. Nina maneno ambayo hayaingii kwenye bahasha. Usithubutu kuondoka kabla sijayamaliza.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Anaandika muuguzi, mkono wangu umekataa.

Anataka nilale. Nimemwambia silali, kuna mtu anakuja kunigombeza. Amesema mgonjwa wa hali yangu hagombezwi. Nimemwambia huyu atanigombeza, na asimzuie mlangoni. Ameniwekea mito miwili mgongoni, nimekaa.

Naogopa Jumamosi iko mbali. Kama kuna basi la kesho, panda la kesho. Na ukiniona nilivyo, usinionee huruma ukameza hata neno moja.

Dada yako