Meno Kwenye Ukoko

Wanangu,

Nyama nimeshaichemsha. Kaangeni kitunguu na nyanya, mtie mchele na supu humo humo, mfunike. Moto mdogo, na msikoroge!

Jamani, leo nimeona makubwa. Asubuhi nimefunua sufuria ya wali wa jana niioshe, nikakuta meno yameng'ang'ania ukoko! Nilipiga yowe hadi jirani akaja mbio na ufagio. Kumbe ni meno ya bandia ya babu yenu. Yeye aliyetuapia kwamba tangu bibi afariki, hakuna kinachopita kooni ila uji!

~~Usiku, sufuria ya leo ifungieni kabatini.~~ Hapana. Muiache jikoni, mjifanye hamuoni. Meno nimeyarudisha kwenye kikombe chake, asiulizwe kitu. Na vipande laini vya nyama viwekeni juu, asihangaike kuchimba.

Mama