Gunia Lililofungwa kwa Leso ya Bluu

Mshauri Wamaitha, nakusalimu kwa jina la Bwana na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, kwa sababu najua utanigombeza, kila Jumatano tunakusoma gazetini hapa dukani na nimeona vile unawachambua watu. Mimi ni mama wa watoto wadogo, nimeolewa huku Mutomo, bwanangu ni mzee wa kanisa, na kuna neno limenikaa kooni sijui nilimeze ama nilitapike.

Ukame ulivyotupiga wewe unajua. Misimu imepita tukipanda na kung'oa mabua matupu, mbuzi wakafa, watoto wakaenda shule na chai ya rangi tu tumboni, halafu mwaka jana mvua ya mwezi wa kumi ikashuka vizuri mpaka mama mkwe wangu Kasyoki akawa anaimba peke yake shambani. Mahindi yakakauka, tukayakata, tukayarundika pale pale chini kama tunavyofanya miaka yote, kwa sababu mwezi wa pili huku kwetu ni jua na vumbi, hakuna mtu anafunika mahindi mwezi wa pili, ungefunika watu wangekucheka. Sasa mwaka huu mwezi wa pili ikanyesha, na si manyunyu, ni mvua ya kubomoa daraja, na ilipoacha ukitia mkono kwenye rundo unasikia moto ndani. Tungeyaacha nje wezi wangeyabeba, tangu njaa iingie hata kuku halali nje, kwa hivyo bwanangu, Baba Ben, akasema tuyapukuchue hivyo hivyo yakiwa na maji, tukayatia kwenye magunia, tukayaingiza chumbani tukalala nayo.

Yakaanza kunuka. Ukipasua punje unaona kijani, nyingine nyeusi. Mimi nikasema tuyatupe, mama mkwe akanishika mkono akaniambia, "Mama Ben, wewe hujaijua njaa. Niletee kinu." Wewe umekaa na Wakamba unajua muthokoi, mahindi yanatwangwa mpaka ganda litoke, yanapepetwa, yanaoshwa, yanapikwa na mbaazi, na wazee wetu wanasema ubaya wa mahindi uko kwenye ganda, ukitoa ganda umetoa ubaya. Akatwanga mwenyewe, na umri ule, mgongo ule, na yakatoka meupe masafi mpaka mimi nikaona aibu kwamba nilitaka kuyatupa. Makapi tukawapa kuku, kuku wakafa, tukasema ni ugonjwa wa kuku tu. Watoto walikataa kula, walisema ni machungu, tukawapikia unga wa dukani, lakini mama akasema hawezi kuona chakula cha Mungu kikimwagwa, akawa anakula peke yake asubuhi na jioni.

Jumapili ya mavuno ikafika, ile ambayo kila nyumba inapeleka mazao madhabahuni na kanisa linawagawia wajane. Mama akajaza gunia dogo la ule muthokoi, akakosa kamba, akararua leso yake ya zamani ya bluu akafunga nayo mdomo wa gunia, Baba Ben akalibeba begani mpaka mbele, pasta akaliombea, likapewa susu Kaveke. Sisi nyanya tunamwita susu, na huyu ni mjane, rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana wakichota maji pamoja.

Mwezi wa tatu mama akaanza kutapika, tumbo likavimba, macho yakawa njano. Tukampeleka hospitali, daktari akaniita kando akaniuliza nyumbani tunakula mahindi gani, nikamweleza yote, akaniambia ini limeharibiwa na sumu ya kuvu, ile wanaita aflatoksini, na kama kuna mahindi yamebaki mtu yeyote asiyale. Mama hakurudi nyumbani. Baba Ben aliambiwa na daktari huyo huyo, kwa masikio yake, lakini akasema ni wakati wa Mungu, na hata matangazo ya mazishi yalisema aliugua kwa muda mfupi, basi.

Jumapili iliyopita susu Kaveke akanishika nje ya kanisa analia. Akaniambia gunia hajaligusa, amelipandisha darini panya wasilifikie, anangoja wajukuu wake waje likizo awapikie, kwa sababu ile ni kazi ya mwisho ya mikono ya Kasyoki. Nami nikamwambia asante susu. Mshauri, nilimwambia asante!

Nikamsihi Baba Ben twende tukamwambie. Akasema, "Unataka nisimame mbele ya kanisa niseme mama yangu alijiua na kinu chake, na mimi nikabeba sumu nikaipeleka madhabahuni? Lile gunia limeshaombewa. Nyamaza." Tangu siku hiyo hali vizuri, nikipita karibu na choo namsikia analia huko ndani, na mimi simchukii, namwonea huruma, lakini nikifumba macho naona wale watoto wamekaa na sahani. Nimefikiria niende niibe lile gunia susu akienda kuchota maji, ama nimdanganye nimeota ndoto mbaya juu yake. Shule zinafungwa wiki ijayo na Ijumaa ndiyo wanafika. Niambie mshauri, nimtii bwanangu ama nivunje nyumba yangu? Namba yangu nimeiandika hapa chini, lakini piga mchana, jioni Baba Ben huwa yuko.

Mama Ben, Mutomo

WAMAITHA ANAJIBU

Mama Ben, barua yako nimeipata Jumatatu na sikuimaliza nikiwa nimekaa. Nilikupigia mchana kama ulivyotaka. Ukaniambia nimekosea namba, nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yako, ukakata. Nikapiga tena, simu imezimwa. Nikamtafuta afisa wa afya wa huko kwenu, akanisikiliza vizuri, akaniuliza jambo moja tu: kanisa gani? Hukuandika. Ameanza kuzunguka akiuliza, lakini makanisa ya upande huo ni mengi na wajane ni wengi zaidi. Kwa hivyo nimemwomba mhariri aziondoe barua nyingine zote nipate ukurasa mzima. Majina ya watu hukuandika, haya nimeyatunga mimi. Leso sijaibadilisha.

Pole, mama. Pole kwa kumzika mtu aliyekunyang'anya sahani mbaya akaila yeye. Nimelia juu yake na sikumjua.

Sasa nikugombeze. Umeweza kuniandikia mimi kurasa tele, mtu wa mji wa Salama ambaye hujawahi kumwona, na mwanamke aliyekushika mkono nje ya kanisa unamwambia asante. Asante ya nini? Umefika kwake kwa miguu maisha yako yote ya ndoa, leo njia imekuwa ndefu kuliko ya posta?

Unaniuliza umtii bwanako ama uvunje nyumba. Hilo uliloniuliza ni la mwezi ujao, la wazee na pasta na chai. La leo ni wale watoto watakula nini Ijumaa. Usichanganye haya mawili, maana ukiyachanganya utakaa hapo ukipima mpaka sufuria itiwe mbaazi.

Usiibe gunia. Ukiiba, susu atalia atafute mwizi, na hatajua kwa nini. Ile mvua haikunyesha kwenu peke yenu. Huenda yeye mwenyewe ana mahindi yake pembeni yanayonuka, na kesho ataomba kinu ayatwange vile vile kwa sababu hakuna aliyemwambia. Na ndoto nayo usiote. Mtu akiambiwa ndoto atakwenda kuiombea, halafu atapika.

Mimi ni mtu wa Murang'a, lakini nimeuza nafaka hapa kando ya barabara ya Mombasa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na muthokoi naula kuliko baadhi yenu. Sikia. Kukoboa kunapunguza ile sumu, hakuimalizi. Imeshaingia ndani ya punje. Kuosha hakuitoi. Kuchemsha kutwa nzima hakuiui. Magadi si dawa yake, na jua likiyakausha sasa, yatakauka na sumu yake. Mahindi meupe na masafi yanaweza kuua, na mama mkwe wako ndiye ushahidi.

Usije ukamwita mjinga, hata moyoni. Yule mama aliijua mvua ya kwao na mwezi wake. Kwa mwezi wa pili aliokulia, wa jua na vumbi, kurundika mahindi chini hakukuwa kosa, na kinu chake kiliwalisha wengi wasife. Kilichobadilika ni mvua. Siku hizi inakosekana misimu mizima mpaka mtu anaogopa kutupa punje moja, halafu inakuja siku ambayo hakuna aliyeialika na kuozesha hata hicho kidogo. Njaa na mvua zimeshikana mikono, na kina Kasyoki wako katikati. Kwa hivyo mavuno yajayo mahindi yasilale tena chini, hata mwezi uwe gani. Yaanikwe juu ya turubai, jioni yafunikwe, na acha wacheke. Kabla ya kuyaweka, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na mahindi kidogo, tikisa, uache itulie. Chumvi ikigandamana na chupa, hayajakauka, yarudishe juani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na msilale nayo.

Kuna kitu hukuniandikia. Magunia mengine mliyolala nayo yako wapi? Ulisema watoto walikula unga wa dukani, lakini hukusema chumba kimebaki kitupu. Usimuuzie broka anayezunguka akinunua mahindi, nawajua, atayachanganya na mazuri na yatafika kwa mtoto wa mtu mwingine asiyejua yalikotoka. Usimpe mbuzi anayekamuliwa, ile sumu inapita kwenye maziwa. Mwite afisa wa kilimo aonyeshe yatakapofukiwa, mbali na maji. Na wewe na watoto mkapimwe, hata kama mlionja tu.

Sasa mpe bwanako gazeti. Mzee, shikamoo. Hukumuua mama yako. Uliyaingiza yale mahindi ndani kwa sababu ulikuwa umechoka kuwaona watoto wako wakilala njaa, na baba yeyote angefanya hivyo. Hilo ulilitenda bila kujua na sidhani kuna mtu wa kukuhukumu kwalo. Lakini daktari alikwambia. Tangu siku ile unajua, na kuanzia hapo kila siku unayonyamaza ni yako. Unasema gunia limeombewa. Mungu huyo huyo mliyemwomba ndiye aliyemtia daktari lile swali mdomoni, na jibu lake amekupa wewe. Jumapili hii usimame, useme mahindi ya mvua yamemwondoa mama yako, na watu watarudi nyumbani wafungue magunia yao wachungulie. Hiyo ndiyo heshima utakayompa mama. Na kulia, mzee, lia sebuleni. Mkeo anakusikia, ameniambia, naye hajakucheka.

Mama Ben, leo ni Jumatano. Ukimaliza kusoma, funga mlango uende. Usiende mikono mitupu, beba unga mzuri, hata kama ni ule wa kwenu wa jioni, ili mwanamke yule asibaki na dari tupu wageni wakija. Usizunguke na habari za mvua na mbuzi. Mwambie, "Susu, muthokoi wa mama ndio uliomuua mama. Nipe gunia." Atalia, labda atakufukuza. Kaa hapo hapo mpaka alishushe. Mkaufukie muthokoi pamoja, na gunia lenyewe mlichome. Bwanako akikasirika, nipigie simu, na safari hii usiniambie nimekosea namba.

Na kama Mama Ben hatakwenda, basi nazungumza na wewe, susu. Jina lako silijui, kanisa lako silijui. Pengine hujui kusoma na kuna mtu anakusomea haya dukani, akisimama hapo mwambie arudie. Una gunia dogo darini, ulipewa Jumapili ya mavuno, limefungwa kwa kipande cha leso ya bluu. Rafiki yako alilifunga kwa mapenzi, hakujua. Angekuwa hai leo akijua anachojua daktari, angekuja kwako hata kwa kutambaa alishushe mwenyewe. Fungua ile leso uiweke, ifue, ni yake. Muthokoi usiupike.