Swali Tulilowauliza Watafiti, na Arusi ya Grâce

Kabondo, Kisangani
Jumapili, tarehe 14 Juni 2026

Mpendwa Tonton Isaïe,

Pokea jambo la watu wote wa nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Tantine Olga, na kwamba goti lake limetulia tangu baridi ya Montréal ilipoisha. Sisi huku tuko wazima. Maman anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua afya iko. Mvua haitupi nafasi. Njia ya kwenda Makiso imekuwa matope matupu, hata wenye toleka wanashuka kusukuma baiskeli, na abiria anatembea nyuma.

Kazi yangu ya kushona inaendelea. Nimeongeza cherehani ya tatu, na kwa ajili ya arusi nitakayokueleza hapa chini, zote tatu hazipumziki.

Siku ile kwenye simu ulisema, "Uniandikie kwa karatasi, nisome pole pole." Nilifurahi sana, Tonton. Kwenye simu sisi wawili tunapigiana kelele tu. Barua anakuletea Maman Aurélie, jirani yetu, anayekuja huko kumwona binti yake.

Bon, habari yenyewe ni ya mdogo wangu Grâce. Tangu Papa alipotutoka, wewe ndiye baba yake. Jérémie alipokuja kumchumbia, alikaa sebuleni kwa Maman akasema bila kuficha kwamba anaishi na virusi vya SIDA, mwaka wa saba huu, na kwamba anameza dawa kila siku. Ulikataa. Sikukulaumu. Mimi pia nilikataa, ila mimi nilisemea jikoni.

Munganga Ismaël wa kituo chetu cha afya alituita, mimi na Grâce, akatueleza. Kwa mtu anayemeza dawa vizuri kama Jérémie, virusi vinapungua hata vipimo havivioni tena, na mtu huyo hamwambukizi mwenzake. Lakini mimi nilikumbuka mwaka jana, dawa zilipochelewa kufika na wagonjwa wakarudi mikono mitupu wiki nzima. Nikamwuliza, "Na zikikosekana tena?" Akasema, "Ndiyo maana nataka umusikie mugeni wangu."

Mgeni huyo alikuwa Hélène, mtafiti kutoka Ubelgiji. Wenzake wa huko na wa Uganda wanashirikiana na watu wa chuo chetu. Kuna sindano ya kinga ambayo mtu asiye na virusi anachomwa mara mbili tu kwa mwaka. Ilikwisha kupimwa kwingine ikaonekana inazuia. Wanachotafuta sasa ni namna ya kuifikisha kwa watu wa mji kama wetu. Walitaka kamati ya raia kwanza, na kwa kuwa wanawake wa Kabondo wanapenda kukaa kwangu wakingoja nguo zao, wakanichagua mimi.

Nilikwenda mkutanoni na maneno yako kichwani, Tonton: wanakuja kuchukua damu yetu, wakipata diploma wanaondoka. Hélène alieleza vizuri, Ismaël akitafsiri. Alipomaliza nikasimama.

"Kazi yenu ni ya miaka mbili," nikasema. "Ikiisha, mudogo wangu atapata sindano wapi?"

Hélène alitazama karatasi zake, kisha akanitazama mimi. "Sina jibu, maman," akasema.

"Basi mutafute jibu kwanza. Sisi tutangoja."

Wanawake wote wakapiga makofi. Nilitoka pale nikitembea kama mke wa gavana.

Kiburi hicho hakikufika hata Jumatatu. Ismaël alikuja kwangu na uso umemwanguka. Wakubwa wa mradi walikuwa wanafikiria kwenda mji mwingine ambako watu hawana maswali mengi. Grâce aliposikia, aliweka mkasi chini. "Yaya, wewe dada yangu, nani alikutuma kusema kwa ajili yangu?" Alikaa siku tisa bila kunisemesha, na tunashona katika chumba kimoja! Nilijiona nimemfungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe. Mara mbili nilivaa viatu niende kumwambia Ismaël kwamba tunakubali hivyo hivyo. Maman ndiye aliyenirudisha. "Swali lilikuwa la haki," akasema. "Vua viatu."

Tulingoja wiki tano, Tonton. Hélène naye, kumbe, alikuwa anagombana na wakubwa wake kwa ajili yetu.

Wiki ya sita wakatuita. Ismaël alisoma karatasi kwa Swahili, kisha kwa Lingala, pole pole, ikiwa imetiwa sahihi na pande zote za mradi. Kila mtu atakayeanza ataendelea kupewa sindano bure hata mradi ukiisha, kwa muda wote atakaoihitaji. Damu itapimwa hapa hapa Kisangani, na hakuna chupa itakayotoka bila kamati kujua. Na watakachokigundua, sisi ndio tutakaokisikia kwanza. Nilimwomba asome tena. Akasoma mara tatu! Kisha wanawake wakaimba, na mimi nikalia mbele ya watu bila aibu. Siku hiyo tulipika lituma ya ndizi za kuponda na samaki, na Hélène alikula kwa mkono hata akajichafua hadi kwenye kiwiko.

Grâce alichomwa sindano tarehe 3 mwezi huu, baada ya vipimo. Inachomwa tumboni. Anasema iliuma kidogo, ikaacha kivimbe kama punje ya haragi, na kikapungua. Jérémie alikuwa anamngoja nje ya kituo na baiskeli. Alimpandisha nyuma akamzungusha Kabondo nzima kama bibi arusi, akipiga kengele, na Grâce akificha uso kwa kicheko. Miaka mingi sijamsikia akicheka vile. Ni yeye aliyeniruhusu kukuandikia haya yote, na Jérémie vilevile. Wamesema baba hafichwi kitu.

Arusi ni Jumamosi tarehe 22 Agosti. Padri amekwisha kuwapokea. Kinachobaki ni neno lako. Hatuombi pesa wala zawadi. Kama safari haiwezekani, tutaweka simu katikati ya meza, watu wanyamaze, na wewe useme kwamba unamtoa binti yako. Kama moyo bado ni mzito, mpigie Jérémie mwenyewe. Si mwenye maneno mengi, ila hajui kusema uongo.

Msalimie sana Tantine Olga, na kaka Maurice na watoto wake. Maman anakusalimu, Timothée wangu anakusalimu, na Munganga Ismaël anasema angefurahi kujibu maswali yako, hata yale makali.

Mungu akulinde katika nchi hiyo ya mbali, akupe usingizi mzuri na mguu wa kurudi nyumbani.

Mimi binti yako nikupendaye siku zote,

Mbambu

Grâce amechukua kalamu mkononi mwangu, anataka kuandika mwenyewe:

Papa, nimekwisha kukushonea shati la kitambaa cha arusi. Nilikisia kifua chako kwa picha. Unitumie kipimo cha mikono.