Mume Wangu Humeza Dawa Mbele ya Kaka Yake Tu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie maana nimechoka mpaka chakula hakipiti. Mume wangu ni fundi wa makochi, yeye na kaka yake wana ugonjwa uleule wa mapigo ya moyo kwenda ovyo, daktari mmoja, dawa ileile ya kuzuia damu isigande, ila shemeji yuko ofisini na bima ya kazini inamlipia kila kitu, anameza kila siku, anapimwa, ananawiri, na huyu wangu analipa mfukoni kwa hiyo anameza siku moyo ukimrukaruka tu, ukitulia anasema "leo nimepona, tubane matumizi," lakini shemeji akija kututembelea utamwona mume wangu anavyomeza kwa mbwembwe, "tuko salama, kaka," na daktari naye humwambia anameza kila siku, wakati juzi akikata kitambaa mkasi ulimdondoka, mdomo ukaenda upande, maneno hayaeleweki, baada ya muda akarudi sawa akacheka ati uchovu, na nikitaka kumwambia shemeji, mume ananiambia nikimvua nguo mbele ya kaka yake nifungashe virago. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

Marahaba, mwanangu, na pole. Sasa nisikilize. Mdomo umekwenda upande juzi, na wewe umekaa unaniandikia barua? Jamani! Huo si uchovu, ni dalili ya kiharusi, na kupita si kupona. Mpeleke hospitali leo, hata kama amenuna.

Dawa ile humezwa kila siku, hata moyo ukitulia tuli. Ndugu wa tumbo moja, ugonjwa mmoja, mmoja ananawiri na mwenzake anasubiri kupooza, kisa bima! Hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika hapa, na si kosa lenu. Lakini uongo ni wenu. Daktari anadhani dawa inamezwa, atawatafutiaje iliyo nafuu? Mwambieni bila kumumunya maneno: "Hatuimudu." Muulizeni na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kuwasaidia wasiomudu ndiyo kazi yake. Na usithubutu kuchota vidonge vya shemeji, kipimo chake ni chake.

Shemeji naye mpigie simu, tena mwambie yote. Unaogopa virago? Mwanamume aliyepooza atakufungashia kwa mkono gani? Akinuna mwezi mzima, mwache anune. Anayenuna yuko hai.