Kirungu cha Mkono wa Kike

Río Cuarto, Jumatatu, 3 Mei 1999

Kaka yangu mpendwa Ovidio,

Pokea salamu zangu na za paka, ambaye bado yupo ingawa ulimtabiria kifo tangu Krismasi. Wewe hujambo? Wifi yangu Ramona hajambo? Na mgongo wako je, bado unausingizia baridi? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imewahi mwaka huu, nimehamishia meza ya cherehani karibu na jiko na wateja wananifuata hukohuko.

Nataka uninunulie kitu hapo dukani kwako, na usicheke mpaka umalize kusoma. Nataka jostiki, kile kirungu cha kuendeshea ndege kwenye kompyuta.

Mwezi wa Novemba niliitwa klabu ya ndege kutengeneza cherehani ya kushonea miamvuli ya kurukia kutoka ndegeni. Chumba cha nyuma wana kompyuta sita zilizounganishwa, na kila Jumanne wanapigana angani kwa ndege za vita za zamani, zile za panga boi. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Nikakaa, na mpaka leo sijainuka. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti watachaguliwa wanne wa kwenda Córdoba kupambana na vilabu vingine. Nahodha ni Beltramo, yule wa duka la dawa. Jumanne iliyopita nilimwangusha mara mbili, na kesho yake akatangaza kwamba kirungu cha klabu ni cha wanachama wa zamani, anayetaka kushindana aje na chake. Akaniambia, "Neli, wewe tuletee empanada, hizo sambusa zako hujawahi kuzikosea." Nikamjibu, "Nitaleta vyote viwili, daktari, na vyote utavila."

Sasa sikiliza, maana nina peso sitini tu. Sitaki madoido. Sitaki vitufe ishirini, mwanafunzi hana vidole ishirini. Nataka kirungu kinachojizungusha kwenye kifundo, kwa sababu hicho ndicho kinachougeuza mkia wa ndege, na sina pesa ya pedali. Wenzo wa kasi uwe hapohapo kwenye kitako. Kitako kiwe kizito, nikivuta kwa hasira kisiniruke mapajani. Kabla hujalipa, kisukume kila upande halafu ukiachie: kikirudi katikati chenyewe, kizuri, kikilala upande, waachie wenyewe.

Na kiwe cha kushikika kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wako,
Nélida


Ciudad del Este, 17 Mei 1999

Mdogo wangu Neli,

Barua yako imenikuta mzima, Ramona mzima, mgongo unaringa kama kawaida yake. Joto la huku limepungua kidogo, tereré, chai yetu ya baridi, tunainywa kwa adabu sasa. Natumaini nawe u mzima na jiko halijakuunguza.

Nilicheka, sikufichi. Nilicheka kabla sijamaliza kusoma, halafu nikarudia kusoma nikacheka tena. Miaka arobaini na saba, dada mzima, unaangusha ndege! Ramona alinipokonya barua akaisoma, akasema, "Mpelekee anachotaka, mwanamke wa watu ana hasira zake." Basi nimekupelekea, na peso zako kaa nazo. Sikuletei kirungu cha wanafunzi. Humo kwenye boksi kuna kile cha rafu ya juu, mpini umechongwa ukafuata kiganja, kila kidole kina kitanda chake na dole gumba lina baraza. Wabrazili wanavuka daraja kuja kukitafuta. Mwambie huyo muuza dawa akiangalie vizuri kabla hakijampa homa.

Kuhusu pale mwisho ulipoandika "kushoto", nadhani kalamu iliteleza. Wewe ni wa kulia. Nani ajuaye hilo kuliko mimi niliyekuondolea tabia ile ukiwa na miaka sita? Samaki mkunje angali mbichi, na wewe nilikukunja vizuri, angalia mwandiko wako ulivyonyooka. Mkono wa kuume ndio wa kazi. Kirungu ni cha kulia, kama vilivyo vyote vya maana.

Haya, wapige wote.

Kaka yako,
Ovidio


Río Cuarto, 29 Mei 1999

Kaka Ovidio,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo, ila nina hasira, na ni heri uijue mapema kuliko uigundue katikati ya barua.

Kirungu chako kizuri mno. Nilikijaribu usiku wa siku tatu. Kwa mkono wa kushoto hakishikiki: baraza lako la dole gumba linanichoma kiganja, na kitufe cha risasi kiko mahali ambapo hata kidole cha nyani hakifiki. Nikakishika kwa kulia, kama ulivyoamuru. Nilianguka mara kumi na moja. Mkono ule unaandika, unashika mkasi, unasalimia watu, lakini kila kitu unauliza kwanza. Na huko angani ukiuliza, umekufa. Wa kushoto hauulizi. Mimi mwenyewe sikujua. Niliugundua mwezi wa Novemba katika kile kiti cha klabu, mkono ukaenda wenyewe kama mtu aliyefika kwake.

Sasa habari ya samaki. Mimi si samaki, Ovidio. Nilikuwa na miaka sita, mama amekufa, baba yuko karakana ya reli, na wewe ulikuwa na kumi na tano. Ulichukua sindano ukashona mdomo wa mkono wa kushoto wa sweta yangu, kidole hakitoki. Nilivaa sweta ile majira mawili ya baridi. Nilikula nikimwaga, nikaandika nikilia, halafu nikapata kigugumizi mpaka nilipofika miaka tisa. Hilo unalikumbuka? Ulikuwa ukiniambia niongeze bidii.

Leo unajisifu kwa mwandiko. Hukuninyoosha, ulinifunga. Watu wanauita wa kushoto mkono wa kike. Vizuri, basi mimi ni mwanamke, na ninautaka mkono wangu.

Nakurudishia kirungu kwa basi lilelile lililokileta. Sitaki zawadi. Nataka vitu viwili: kirungu cha mpini ulionyooka, wa bei ndogo, usiojua kulia wala kushoto, na uniandikie kwa kalamu yako kwamba ulinifunga. Cha kwanza naweza kukitafuta mwenyewe. Cha pili ni wewe tu unacho.

Mdogo wako,
Nélida


Ciudad del Este, 12 Juni 1999

Nélida,

Salamu. Sisi wazima.

Sikujua nimelea mwendesha mashtaka. Nilikuwa nikipika, nikifua, nikikusuka nywele kwa vidole hivi ambavyo wavulana wenzangu walivicheka. Mwalimu wako aliniita mbele ya darasa zima akasema dada yangu anaandika kama shetani, nimwondolee tabia hiyo au asirudi shule. Ningefanya nini? Ningengoja baba aje na mkanda? Sweta ilikuwa ya upole. Ungeiona njia ya baba.

Kirungu nakirudisha kwako. Hicho ndicho kizuri, wenye kujua wote wanasema hivyo. Jizoeze. Ulizoea zamani, utazoea tena.

Ovidio


Río Cuarto, 4 Julai 1999

Kaka Ovidio,

Habari za siku nyingi. Natumaini mgongo umetulia na Ramona hajachoka nawe. Hapa asubuhi maji ya bomba yanaganda, lakini tunaishi.

Kirungu chako kilifika salama. Nimekiuza.

Usishtuke, nilikiuza kwa heshima. Nilikwenda nacho klabu Jumanne, nikakiweka mezani. Beltramo alikizunguka kama mbwa anayezunguka nyama. Akauliza, "Hiki nacho unauza?" Nikasema, "Kwangu ni kikubwa, daktari, kinataka mwanaume." Alilipa palepale, hata hakuomba kupunguziwa. Wengine walikohoa ili wasicheke.

Hata nusu ya pesa ile sikuimaliza. Kuna duka la vifaa vya michezo barabara ya stesheni linalofunga, na kwenye kapu la chini nilikuta kirungu cheusi, kimejaa vumbi, mpini umenyooka kama wa jembe. Kina vitufe vinne na wenzo wa kasi uko mbele katikati, si huku wala huku. Kwenye kifundo kinajizungusha. Muuzaji akaniambia, "Mama, hicho ni cha wanaoanza." Nikamwambia mimi naanza.

Nilipokiachia kilirudi katikati kwa uvivu. Nilikifungua, nikaona springi yake nyembamba, nikaitoa nikaweka ya mguu wa cherehani kuukuu ya Singer iliyokuwa imekufa hapa. Sasa kinarudi kama kofi. Kitako kilikuwa chepesi, nikakijaza vipande vya risasi vya wavuvi, vile vya kuzamishia nyavu, na gundi. Kiko mezani kwangu upande wa kushoto, na hakuna wa kunihamisha.

Kuhusu mwalimu, nakuamini. Kuhusu mkanda wa baba, nakuamini pia. Kunisuka nywele, nakushukuru mpaka leo, na sijui mtoto mwingine aliyesukwa na kaka yake. Lakini sikukuuliza kwa nini. Nilikuomba useme ulichofanya.

Mdogo wako,
Nélida


Río Cuarto, 16 Agosti 1999

Kaka,

Hukujibu. Natumaini ni kiburi na si ugonjwa. Kama ni ugonjwa, Ramona aniarifu. Kama ni kiburi, endelea, ninakijua, tulinyonya titi moja.

Nakuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia anayejua mambo haya yalipoanzia.

Tulikuwa tisa tukigombea nafasi nne. Waliponiona nimeweka kirungu kushoto, mmoja akasema tangu lini wanawake wanarusha ndege kinyumenyume. Nikamwambia asubiri aone. Nilishinda mapambano matatu kati ya manne ya kwanza, na la tano likawa na Beltramo, yeye na kirungu chako chenye baraza. Alikuja kutoka juani, ujanja wake uleule. Nilimwacha asogee mpaka nikaona anafurahi, nikakata kasi, nikapinda kifundo, ndege ikalala ubavu na yeye akapita kama mtu aliyekosa kituo. Nilimfyatulia kwa sekunde mbili. Bawa lilitoka.

Halafu Beltramo akavua miwani akaniuliza, "Nani alikufundisha kushika hivyo?" Kaka, nilitaka kusema hakuna. Nilifungua mdomo, na kigugumizi kikanishika, mbele yao wote, baada ya miaka thelathini na minane. "Ha, ha, ha." Walidhani ninacheka. Nikawaacha wadhani hivyo.

Mimi ni wa pili kwenye orodha. Córdoba ni tarehe 18 Septemba. Empanada sikupeleka.

Nimeshinda, Ovidio, na bado kuna mtu mmoja anayenishinda. Sitaandika tena mpaka uandike.

Nélida


Ciudad del Este, 2 Septemba 1999

Mdogo wangu,

Si ugonjwa.

Wiki iliyopita aliingia dukani mama mmoja wa Encarnación akimtafutia mumewe kirungu cha kushoto. Nilimwambia vile ninavyowaambia wote, kwamba hakuna mtu anayerusha kwa kushoto, atazoea. Akaniuliza, "Wewe umejaribu?" Nikasema mimi ni wa kulia. Akasema, "Basi unajuaje?" Akaondoka bila kununua.

Nilifunga duka mapema. Nikachukua soksi, nikaufunga nayo mkono wangu wa kulia, nikakaa mezani kula. Ramona alinitazama. Supu ilinimwagikia kifuani. Nilitaka kuomba kitambaa, nikajikuta nimekasirika kiasi kwamba neno halitoki. Nilikaa na soksi ile saa moja, Neli. Wewe ulikaa majira mawili, na ulikuwa na miaka sita, na ulinipenda.

Nilikwisha kuandika barua tatu nikieleza habari za mwalimu. Nimezichana zote. Hii nimeiandika kwa kulia mpaka hapa. Mistari iliyobaki naiandika kwa mkono mwingine, na imenichukua asubuhi nzima, soma polepole.

Neli.
Si mwalimu. Si baba.
Ni mimi. Nilikufunga.
Uliniomba nikufungue nikasema bado.

Kaka yako