Naijua Inakotoka Harufu ya Petroli, na Nimenyamaza

Mpendwa Mama Philomena,

Shikamoo. Nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi ya tarehe kumi na nane, maana siku hiyo ama nitakuwa nimelisema neno moja nililolificha kwa wiki kadhaa, ama nitakuwa nimeketi kiti cha nyuma cha gari linalonuka petroli, nikijua vizuri kwa nini linanuka, na mbele yangu ameketi baba yangu na kiko chake mdomoni.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha sita, na nafundisha sayansi katika shule ya msingi iliyo kwenye mojawapo ya mashamba makubwa ya ngano ya serikali huku Hanang. Si mtu wa kucheka ovyo, walimu wenzangu huniita Mtawa kwa sababu wakati wa mapumziko nasoma, nami nakueleza hivyo ili ujue kwamba huyu anayekuandikia, anayecheka peke yake akisahihisha madaftari na ambaye juzi alimpa mtoto mmoja alama kumi na mbili kati ya kumi, hata mimi mwenyewe simfahamu vizuri.

Baba anasimamia mashine za kupulizia dawa ya magugu shambani, na ana Pijo 404 ya zamani aliyoinunua kwa padri aliyekuwa akirudi kwao. Mwezi wa tatu gari likaanza kunuka petroli, na si kunuka kidogo, ukiingia macho yanawasha, nguo zetu zikawa zinanuka hadi kanisani, watu wakawa wanatuachia benchi zima. Mama akasema ni ovaroli za baba. Jirani yetu Mzee Bura akasema gari likizeeka hunuka kama mzee, tusiliaibishe. Baba akasema dawa ya harufu ni tumbaku, moshi unaifukuza, na tangu siku hiyo anavuta kiko ndani ya gari kuliko alivyowahi kuvuta maisha yake yote.

Ndipo akaitwa fundi. Nitamwita Gidamis, ingawa silo jina lake. Ni kijana wa wafugaji wa mbuga za huku Hanang, amesomea ufundi, anatengeneza matrekta na mashine za kuvunia katika karakana ya shamba. Sisi ni wakulima wa Dongobesh, na nyumbani hatukuwahi kupokea kijana wa upande wao ila amekuja kuuliza habari za ng'ombe aliyepotea. Siku ya kwanza alisimama mbali kidogo, akampa baba shikamoo, baba akaitikia kisha akamchokoza.

"Kijana, ninyi watu wa ng'ombe, tangu lini mnachunga injini?"

"Ni mifugo tu, mzee. Inakunywa, inakohoa, na usiku ikikataa kuamka unalala nayo porini."

Baba alicheka mpaka kiko kikazimika. Akafungua boneti mwenyewe, akamwonyesha mpira wa petroli alioufunga kwa mikono yake mwezi wa pili, baada ya ule wa zamani kupasuka na mwingine kukosekana kila duka la vipuri. Ni mpira unaoonyesha ndani, wa mashine ya dawa ya magugu, ule unaopeleka dawa kwenye vipulizio. Baba anaupenda mpira huo kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Huu umenywesha ekari elfu moja na haujadondosha tone," akasema.

Gidamis akautazama kwa muda, akaugusa kwa kidole kimoja, akasema, "Umekaa vizuri, mzee." Kisha akaifunga boneti polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. "Tutaanza na kifuniko cha tangi."

Mama Philomena, akaanza na kifuniko cha tangi, akakikatia pete mpya ya mpira. Jumamosi iliyofuata alilala chini ya gari akapaka sabuni ya mche kwenye mshono wa tangi, lisije likawa na tundu. Ya tatu akasafisha plagi. Ya nne akaondoa viti akanusa zulia. Ya tano akakagua magurudumu, na ya sita akakaza kioo cha kuangalia nyuma. Harufu iko pale pale, na mimi kila mara ndiye mshika spana.

"Mwalimu, nipe namba kumi na tatu."

"Hii hapa."

"Hii ni kumi na nne. Unafundisha hesabu?"

"Sayansi."

"Ah. Basi watoto wa hesabu wamepona."

Nilikasirika, nikaingia ndani, nikacheka ndani ya mto mpaka mama akaja kuniuliza kama naumwa.

Sasa ungamo langu. Mimi siwezi kukaa na swali lisilo na jibu, kwa hiyo tangu wiki ya pili nilianza kuandika kwenye daftari harufu inazidi lini, nikaona asubuhi ni hafifu, gari likienda ni ya wastani, lakini likisimama injini ikiwa moto, baada ya kama robo saa, inazidi kabisa, tena chini hakuna doa hata moja. Nikajiambia, basi si tangi, tangi lingedondosha usiku kucha, hii inatoka mbele, inaangukia penye moto na kukauka kabla haijafika ardhini. Siku moja baba na mama wakiwa msibani nilichukua unga wa ngano, nikaunyunyiza kwenye kila kiungio kuanzia nyuma hadi kwenye kabureta, nikawasha injini, nikasubiri, nikazima. Unga ulikuwa mweupe mkavu kila mahali, isipokuwa juu ya pampu ya petroli, kwenye ule mpira wa baba. Pale uligeuka rangi ya uji, mstari mwembamba kama unywele. Niliubonyeza mpira, ulikuwa mgumu kama pembe. Petroli imeukausha na umepasuka, kwa sababu ulitengenezwa kupitisha maji ya dawa, si petroli.

Niliruka, Mama Philomena. Niliruka peke yangu uani, mikono imejaa unga, kuku wakakimbia. Kisha nikasimama. Nikawaza, nikimwambia Gidamis, atabadilisha mpira kwa dakika kumi, atanawa mikono, atamuaga baba, na Jumamosi itakuwa siku ya kufua tu. Nikaufuta unga wote kwa kanga, nikanyamaza. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu, nami nimenyamaza mpaka leo, na furaha niliyo nayo ni ya aibu, naamka nikinusa hewa kuhakikisha harufu bado ipo.

Lakini naogopa. Kila baba anapotia tumbaku kwenye kiko nageuka kuitazama boneti. Namshukuru Mungu kwa jambo moja dogo la ajabu, kwamba baba hakosi kukosa kiberiti, maana Gidamis huazima chake kila akija na kusahau kukirudisha, ingawa yeye havuti. Mama ameanza kunung'unika: "Viberiti sita! Na vilivyo adimu hivi! Huyu kijana anavila?"

Sasa tarehe kumi na nane dada yangu Helena anaolewa huko Dongobesh, na Pijo ndiyo itakayombeba, yeye na bibi yetu na baba na mama na mimi, saa nyingi za mlima na vumbi, vioo vimefungwa ili shela isichafuke. Baba amenunua tumbaku mpya kwa ajili ya safari na ametuma kiberiti kiletwe kutoka mjini Katesh. Nikisema, baba ataaibika kwa kuwa kosa ni la mkono wake, tena wiki ya kumwoza binti. Gidamis ataaibika, fundi mzima kushindwa na mwalimu mwenye konzi ya unga, na mwanamume gani atampenda msichana wa namna hiyo? Nami nitabaki na Jumamosi zangu tupu. Nilifikiri labda ningoje harusi ipite ndipo niseme. Nishauri, tafadhali, na jina langu usilitoe.

Mwalimu Anayecheka Peke Yake, Hanang

*

Mwalimu wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia asubuhi, nami nimemwomba mhariri aitoe mara moja badala ya ile ya bwana anayegombana na shemeji yake, kwa kuwa shemeji hawalipuki. Ungeweka anwani ningekupelekea telegramu. Umeificha, basi utasemwa mbele ya nchi nzima.

Usingoje harusi ipite. Usingoje hata kesho. Unafundisha watoto kwamba moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Hesabu mwenyewe ni vingapi vimo katika gari hilo, kisha wahesabu watu watakaofungiwa humo, mmoja wao amevaa shela. Na siku ile ya unga uliwasha injini huku ukijua kuna mahali panavuja. Ulikuwa na akili, nakupongeza. Ulikuwa pia na bahati, na bahati haifundishwi darasani.

Nakiri nimecheka, nami niliwahi kuwa na miaka ishirini na mitatu. Lakini furaha yako imepangishwa chumba juu ya moto, binti yangu. Hama.

Sasa chukua barua yako uisome kama daftari la mwanafunzi, kwa maana umesahihisha kila kitu isipokuwa jibu. Fundi aliyesomea anafungua boneti, anautazama mpira, anaugusa, anaifunga boneti. Kisha anahangaika na kifuniko, na sabuni, na zulia. Anakagua magurudumu! Nani duniani ametafuta petroli kwenye magurudumu? Na kile kioo, alidhani harufu inawafuata kwa nyuma? Halafu mwanamume asiyevuta anaondoka na viberiti sita vya baba yako, kimoja kila Jumamosi.

Anajua. Amejua tangu siku ya kwanza, kabla yako. Ila mzee alikuwa amekwisha kuusifu mpira wake, na kijana mwenye macho kwa binti wa nyumba hamwambii baba mwenye nyumba, "Mzee, umekosea," siku ya kwanza, wala ya sita. Tena kijana wa wafugaji kwenye ua wa wakulima, amekaribishwa kwa mara ya kwanza bila ng'ombe kupotea! Hakuthubutu kuuondoa mpira, akaona auondoe moto. Naweza kuwa nimekosea kuhusu moyo wake. Kuhusu viberiti sikosei.

Basi ninyi wawili mmekuwa mkilinda siri moja, huyu upande huu wa boneti na yule upande ule, mkipeana spana. Yeye namlaumu kuliko wewe. Heshima ni kitu kizuri, lakini petroli haijui nani mkubwa. Akilisoma gazeti hili, ajue nimemkemea pia.

Fanya hivi. Gari lisiwashwe tena. Lisukumeni mbali na jiko la mama yako, milango iachwe wazi lipate hewa. Nenda karakana kwa miguu, saa ya kazi, mchana, mbele ya watu, umwambie Gidamis kwa sentensi moja: najua ni mpira. Usieleze mengine. Mtazame usoni, utapata majibu mengine bila kuuliza. Muombe atafute mpira mweusi wenyewe, uliotengenezwa kupitisha petroli, pamoja na vibano viwili vipya, na aikague mipira mingine yote hadi kwenye tangi. Ukikosekana huko, harusi itakwenda kwa lori la shamba, na dada yako ataolewa vile vile.

Baba yako umwambie wewe, si fundi. Mwambie asubuhi akiwa amekunywa chai, Mzee Bura asiwepo, na wakwe wasijue. Usiseme amekosea. Sema: "Baba, mpira wako ni mzuri kwa dawa, lakini petroli imeukausha." Umtie mkononi aukunje mwenyewe, ausikie unavyolia. Ameishi na mipira miaka mingi, hahitaji hotuba. Kisha mpe bisibisi. Mpira mpya aufunge yeye, Gidamis amshikie taa, na wewe ukae mbali na spana zako. Mzee aliyerekebisha gari lake mwenyewe wiki ya harusi atalisimulia hilo mpaka Dongobesh, na hakuna atakayeuliza nani aliliharibu. Akikasirika, hasira ya baba ni ya siku mbili. Kovu la moto ni la maisha.

Kiko, avute gari likiwa limesimama, naye akiwa ameshuka. Hilo umwachie mama yako. Kwa jinsi anavyolilia viberiti, atakilinda hicho kimoja cha Katesh vizuri.

Limebaki lile unaloliogopa zaidi. Harufu ikiisha, Gidamis hatakuwa na kisingizio. Vizuri! Mwanamume asiye na kisingizio hulazimika kusema, ama kutuma wazee wake waseme, na baba yako ambaye hujamsikia akimkataza kurudi hata mara moja atajua la kujibu. Na asipokuja tena, utalia, utafua nguo Jumamosi, na utakuwa umejua wiki hii jambo ambalo wengine hulijua baada ya watoto watatu. Kuhusu mwanamume asiyeweza kumpenda msichana mwenye akili ya unga wa ngano, mwache aoe trekta.

Sasa weka gazeti chini. Nenda kafungue waya wa betri.

Mama Philomena