Cheti cha Nduku

Wote, 14 Machi

Baba Mumo,

Huku tuko salama. Ndengu tumevuna, na Mumo ameng'oka meno mawili ya mbele.

Sasa keti. Uhamiaji wa huko ng'ambo uliko wamekagua jina langu wakajibu kwamba Nduku Muindi, mwenye wazazi wangu na tarehe yangu ya kuzaliwa, alikufa kwa surua mwaka wa 1990. Yaani unamwombea viza marehemu! Nilisoma barua pepe yao kwenye kompyuta ya saiba.

Nilikimbia Kibwezi kwa Mama. Hata hakushtuka. Aliendelea kupepeta ndengu, akasema, "Huyo alikuwa dada yako. Ulipozaliwa mwaka uliofuata tulijua ni yeye amerudi, tukakupa jina lake. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo tayari. Cha pili kilikuwa cha nini?"

Cha nini! Hata cheti chetu cha ndoa kina jina lake, Baba Mumo. Siku ile mbele ya pasta, uliapa kumpenda nani?

Usiwajibu Uhamiaji kwanza. Nimeshika kalamu nisaini Nduku, mkono umekataa. Naweka jina ambalo najua hakuna mtu mwingine aliyeitwa kabla yangu.

Mama Mumo